Shule ya Mtoto ni Amana: Tuipime kwa Mizani Gani?

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, sahaba zake na kila aliyeufuata mwenendo wao kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila mwaka ifikapo miezi ya mwisho, fomu za kujiunga na shule huanza kuzunguka katika mitaa yetu. Zinazunguka Nyasho na Mwigobero hapa Musoma, zinafika kwa wafanyabiashara wa Bunda, na zinapanda hadi Butiama, Kiabakari na Buhemba. Katika fomu hizo mna picha ya jengo lililopakwa rangi mpya, basi lenye jina la shule, na orodha ya mahitaji tangu godoro hadi ndoo. Mzazi huiweka mezani, akahesabu fedha zake, akauliza ada ni kiasi gani na italipwa kwa awamu ngapi. Hilo ni swali la haki. Lakini tunachelea kuwa kwa wengi wetu swali hilo ndilo la kwanza na ndilo la mwisho.

Makala haya hayana nia ya kumtajia mtu shule wala ya kumkataza shule. Nia yetu ni kukumbushana kwamba kumchagulia mtoto shule ni jambo la dini kabla halijawa jambo la fedha, na kwamba Muislamu anayo mizani ya kulipima.

Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuamrisha katika Sura At-Tahrim, aya ya sita, tujikinge sisi na ahali zetu na adhabu ya Moto. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na katika Hadithi nyingine akafundisha kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya maumbile ya asili, kisha wazazi ndio wamwelekezao huku au kule. Basi anayemkabidhi mtoto kwa watu wengine kwa miezi tisa ya kila mwaka, kwa miaka saba au kumi na moja, amewapa watu hao sehemu kubwa ya uzazi wake. Ni lazima awajue.

Ni vema kwanza tuangalie tulivyofika hapa. Zile ziitwazo shule za kimataifa hazikuanzishwa kwa ajili yetu. Ile ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1963 na ile ya Moshi iliyoanzishwa mwaka 1969 zilikusudiwa zaidi watoto wa wageni: mabalozi, madaktari, wataalamu. Mgeni wa namna hiyo yuko hapa leo na kesho anahamishiwa nchi nyingine, na kwa hiyo anahitaji mtaala na mtihani ambao mtoto wake ataukuta hata huko aendako. Hiyo ndiyo hikima ya shule ya kimataifa. Kwa upande wetu, sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliweka shule nyingi za taasisi mikononi mwa serikali. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyokuwa ikijenga shule za Waislamu tangu mwaka 1945, ilikuwa imekwishapigwa marufuku nchini. Kisha, mwezi Novemba mwaka 1974, katika mji wetu huu huu, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana na kupitisha Azimio la Musoma, lililoagiza kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Ndipo ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, iliyowafungulia mlango mpana watu binafsi na taasisi, na shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza zikachipuka kila mahali, hata neno "kimataifa" likawa pambo la kibao cha barabarani.

Kwa hiyo Muislamu wa Bunda anayeona neno hilo na aulize swali moja jepesi: watoto wa shule hii hufanya mtihani wa nani? Kama ni mtihani wa Baraza la Mitihani la Taifa, basi shule hiyo inafundisha mtaala ule ule wa taifa, tofauti ikiwa ni lugha, idadi ya watoto darasani na usimamizi. Hizo ni tofauti za kweli, na huenda zikastahili fedha. Lakini si sawa mtu kununua jina akidhani amenunua elimu.

Katika jambo hili tunaona makosa mawili yaliyopishana.

Kosa la kwanza ni la wanaodhani kuwa Kiingereza ndiyo elimu. Mtoto akirudi nyumbani akasalimia kwa Kiingereza mbele ya wageni, baba huona ada yake imerudi. Hamuulizi amehifadhi sura gani, amejifunza hesabu gani, wala kwa nini hawaamkii tena wakubwa wake. Lugha ni chombo, na kila chombo hupimwa kwa kinachobebwa ndani yake.

Kosa la pili ni la wanaosema kuwa kila shule ambayo mwenyewe si Muislamu ni haramu, na kwamba lugha ya kigeni ni mlango wa ukafiri. Hawa nao wanapaswa kusoma sira. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, mateka waliojua kusoma na kuandika na wasiokuwa na mali walipewa njia ya kujikomboa: kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina kuandika. Walimu hao walikuwa washirikina waliotoka kupigana na Waislamu siku chache zilizopita! Naye Zaid bin Thabit (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa muda mfupi, akawa ndiye msomaji na mwandishi wa barua zao. Basi wala mwalimu asiye Muislamu wala lugha isiyo yetu havikuwa haramu kwa kizazi kilicho bora kuliko vyote.

Lakini na tuitazame picha ya Badr kwa ukamilifu wake. Watoto wale walifundishwa Madina, mjini kwao. Usiku walilala kwa mama zao. Adhana waliisikia mara tano kila siku. Kilichofundishwa kilikuwa ni kuandika, nalo sharti hilo liliwekwa na Waislamu wenyewe. Mwalimu alikuwa mgeni, ila malezi hayakutoka nyumbani. Hapo ndipo penye mizani tunayoitafuta: elimu twaweza kuipokea kwa yeyote mwenye nayo, lakini malezi hatuyakodishi.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Mara kwa namna ya pekee. Waislamu wa mkoa huu ni wachache, na wengi wa wazee wetu walikuja na biashara na kazi kutoka sehemu nyingine za nchi. Makanisa yaliwekeza hapa mapema katika shule na hospitali: Wamenonaiti walianza Shirati mwaka 1934, mapadri wa Maryknoll wakaingia Musoma mwaka 1946, na wengine walikwishawatangulia. Hatuna sababu ya kuwaonea kijicho. Aliyepanda ndiye avunaye, na wengi miongoni mwetu tumetibiwa na kusomeshwa katika taasisi zao kwa wema. Ila matokeo yake ni kwamba mzazi Muislamu wa Mara, atafutapo shule nzuri yenye bweni, mara nyingi huikuta ni ya kanisa. Huwa katika hali ya mgeni hata akiwa katika nchi yake. Waislamu wa mwanzo waliohamia Uhabeshi walikuwa katika hali hiyo pia. Waliishi kwa amani chini ya mfalme Mkristo, wakamheshimu, na walipoulizwa dini yao Jafar bin Abi Talib (r.a.) aliieleza waziwazi bila kuificha wala kuitukania wengine. Walimudu hilo kwa kuwa walikwenda wakiwa watu wazima, wanaijua dini yao. Mtoto wa miaka saba haijui bado. Ndiyo kwanza anafundishwa.

Hapa tunafika kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni bweni kwa watoto wadogo. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, ametuagiza tuwaamrishe watoto Sala wakiwa na umri wa miaka saba, na tuwe wakali juu ya jambo hilo wafikapo kumi. Tuuangalie umri huo vizuri. Miaka saba ni darasa la kwanza au la pili. Miaka kumi ni darasa la nne au la tano. Miaka mitatu ambayo sharia imeitenga kwa ajili ya kumzoesha mtoto Sala ndiyo miaka hiyo hiyo ambayo baadhi yetu tunamfungia godoro na ndoo na kumpeleka mbali. Amri hii amepewa mzazi, si mlezi wa bweni mwenye watoto sitini wa kuwaogesha. Naye Luqman, katika sura yenye jina lake, anamuusia mwanawe kwanza juu ya kumpwekesha Mwenyezi Mungu, kisha Sala, kisha unyenyekevu katika mwendo na sauti. Wasia wa namna hiyo hutolewa kwa mtoto aliye karibu, siku baada ya siku. Hautoshi kwa ziara ya mara moja kwa mwezi.

Basi tunasema kwa uwazi: mtoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne alale kwa wazazi wake. Na jambo hili halisemwi na Waislamu peke yao. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu aliagiza huduma ya bweni isitolewe kwa watoto wa umri huo ila kwa kibali maalumu. Ikiwa serikali isiyo na dini imeona dhara la kumtenga mtoto mdogo na wazazi, inakuwaje sisi tulioamrishwa na Mola wetu tukitafute kibali?

Wapo watakaosema: "Mbona wakubwa wa nchi hii walisoma bweni wakawa watu?" Ni kweli, na mfano ulio karibu nasi ni Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama. Alizaliwa mwaka 1922, na mwaka 1934 aliletwa Shule ya Mwisenge hapa Musoma, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hakuwa na saba. Kutoka hapo alikwenda shule ya serikali ya Tabora, kisha Makerere. Baba yake, Chifu Burito, alikuwa mtu wa mila za Wazanaki, wala nyumbani hapakuwa na Ukristo; shule zile mbili nazo zilikuwa za serikali. Hata hivyo, mwaka 1943 kijana yule alibatizwa. Hilo lilikuwa hiari yake, na hatulitaji kwa kulaumu, kwani kila mtu ana haki ya kuchagua imani yake, na Katiba ya nchi yetu inalilinda jambo hilo katika ibara ya 19. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kuwa bweni si vitanda na madawati tu. Ni marafiki wa usiku na mchana, ni watu wanaojibu maswali ya kijana pale baba asipokuwapo. Na Mwalimu huyo huyo, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayomng'oa mtoto katika jamii yake hata akawadharau wazazi wake. Wenye masikio na wasikie.

Kwa watoto wakubwa, wa sekondari, hali ni tofauti, na wakati mwingine bweni ni lazima. Hapo mzazi asione haya kuuliza kabla hajalipa. Na aulize kwa adabu, na majibu yawe ya maandishi:

Je, mtoto Muislamu anaruhusiwa kusali Sala zote tano, na mahali pa kusalia ni wapi? Huku kwetu Adhuhuri huingia karibu na saa saba kasorobo mchana, kwa hiyo mapumziko ya chakula yanatosha bila ya kuvunja kipindi chochote. Magharibi ndiyo yenye taabu, kwa kuwa jua huzama wakati watoto wanakula au wanajiandaa kwa masomo ya usiku. Je, shule imelifikiria hilo? Siku ya Ijumaa je? Je, ibada za dini nyingine ni lazima kwa wote au ni kwa wenye dini hiyo? Je, binti anaruhusiwa kujistiri kichwa na mwili kwa sare ya shule? Nyama ya jikoni huchinjwa na nani? Mwezi wa Ramadhani mtoto atapata daku? Nani atamfundisha dini yake, na je, shule inaruhusu somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambalo lina mtihani wake wa taifa katika kidato cha nne?

Shule yenye nia njema, hata ikiwa ya kanisa, haitaudhika kwa maswali haya; na tunazijua zinazojibu kwa ungwana. Shule itakayoudhika imekwisha kukupa jibu.

Na maswali hayo hayo, ndugu zangu, tuyaulize pia katika shule zenye majina ya Kiislamu. Jina la sahaba kwenye kibao halifundishi hesabu. Ziko shule ambazo mtoto husali vizuri lakini maabara haina kitu, mwalimu wa fizikia hayupo, na walimu waliopo hawajalipwa mshahara. Kumpeleka mtoto huko kwa sababu tu mwenye shule ni mwenzetu ni kumdhulumu mtoto na kumpumbaza mwenye shule. Uislamu hautetewi kwa elimu hafifu.

Je, asiyekuwa na ada afanyeje? Hili ndilo swali la wengi: mchuuzi wa dagaa, mkulima wa pamba, mchimbaji mdogo, mama anayeuza vitumbua. Tunamwambia asijione amewanyima wanawe kitu. Tangu Januari 2016 ada katika shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Shule ya kata iliyo karibu, pamoja na madrasa nzuri jioni na mzazi anayekagua daftari kila usiku, ni bora kwa dini na dunia ya mtoto kuliko shule ya mbali inayolipiwa kwa mkopo wa riba. Tunalirudia hili la riba kwa sababu limeenea: hakuna Kiingereza kitakachomtakasa mtoto aliyesomeshwa kwa vita dhidi ya Mola wake.

Lakini hapa pana neno la kuwaambia viongozi wa misikiti, nasi tumo ndani yao. Ratiba za shule za serikali huacha nafasi ya kipindi cha dini, na mwalimu wa kipindi hicho hutarajiwa kutoka katika jumuiya yenyewe. Siku hiyo ikifika, watoto wa wenzetu huwakuta walimu wao wanawangoja, na wa kwetu hukaa chini ya mwembe wakicheza kwa kuwa hakuna ustadhi aliyekuja. Hapo hakuna wa kumlaumu ila sisi. Madrasa nazo zimebaki na ratiba ya zamani, ilhali watoto wa darasa la nne na la saba hukaa shuleni hadi jioni kwa masomo ya ziada. Mtoto hulazimika kuchagua, naye huchagua mahali palipo na mtihani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa kila msikiti wa Musoma, Bunda na Butiama. Kwanza, kila msikiti uteue mtu mmoja wa kufuatilia kipindi cha dini katika shule zilizo jirani, apewe nauli na posho kutoka katika michango yetu, na atoe taarifa baada ya Sala ya Ijumaa kila mwezi. Pili, ratiba ya madrasa ipangwe upya kwa kuitazama ratiba ya shule, ili mtoto asigawanywe vipande viwili, na mwalimu wa madrasa alipwe kwa wakati kama tunavyolipa ada bila kuchelewa. Tatu, panapo kijana wa sekondari aliyepangiwa shule ya mbali na nyumbani, hasa binti, waumini wa mji ule wamtafutie familia ya Kiislamu ya kumwangalia siku za mapumziko. Familia moja ya Bunda ikimwangalia binti wa Butiama, na moja ya Musoma ikamwangalia wa Bunda, tutakuwa tumejenga bweni lisilohitaji tofali.

Na kwa kuwa tumewataja mabinti, tuseme hili pia. Si haki kumsomesha mvulana katika shule ya ada kubwa na dada yake akaachwa nyumbani kwa kisingizio cha kumlinda. Kutafuta elimu hakukufaradhishwa kwa jinsia moja. Anayeogopa mazingira ya shule na ayachunguze na kuyarekebisha, asimfungie mtoto katika ujinga akauita ujinga huo stara.

Ndugu Waislamu, Januari haiko mbali, na fomu ziko mezani. Kabla ya kutia saini, baba na mama wakae pamoja, wasali rakaa mbili za istikhara, kisha waende wakaione shule kwa macho yao, siku ya kazi, wakati wa Adhuhuri. Watazame watoto wa Kiislamu wako wapi saa hiyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, atupe elimu yenye manufaa, na atuwezeshe kuirejesha amana hii kwake ikiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.